Kikombe Alichokichukua Bosi Pallister

Nyumbani kwa Bi. Tench,
Njia ya Tanuri,
Hadley Brook,
Shropshire.

20 Oktoba 1963

Mpendwa dada yangu Osla,

Salamu nyingi zikufikie huko Dunedin, wewe na shemeji Wattie na wanangu Elspet na Rasmie. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekukataza kupiga magoti shambani, nami nakujua, nadhani ulimwitikia vizuri kisha ukaenda kupiga magoti. Shemeji naye, msimu wa kukata manyoya ya kondoo umeanza? Mwambie namwonea huruma, lakini si sana, maana yeye akiinua mgongo anaona jua.

Mimi ni mzima. Kifua kimejaa vumbi la matofali kama kawaida, na mgongo unalia kila asubuhi, lakini nakula na nalala. Bi. Tench bado anatupikia kabeji mpaka inapotea kwenye maji. Tumezoea.

Mama hajambo. Baabie wa jirani ndiye anayemwandikia barua sasa, kwa sababu ya macho. Anasema ule udongo tunaouchoma jikoni badala ya kuni umekauka vyema mwaka huu na umeshapangwa kando ya ukuta wa nyumba, na kwamba ng'ombe amezaa jike. Mama anakudai picha ya watoto. Tuma, dada, hata kama haoni vizuri. Ataishika tu.

Uliniuliza kama ni kweli nimekuwa mtu wa magari ya mashindano, jinsi Baabie alivyokutangazia, na kwa nini siandiki. Nilisema nisubiri msimu uishe nikuandikie yote. Basi umekwisha, na mdomoni nimebaki na ladha ya mtu aliyekunywa maziwa yaliyolala.

Usidhani ni yale mashindano ya magari mengi kukimbizana kwenye uwanja. Hapa gari linapanda mlima peke yake, katika njia nyembamba kama ile ya kwenda kisimani kwetu, na saa inahesabu. Atakayefika juu kwa muda mfupi zaidi ndiye bora wa siku, na mwisho wa msimu alama zinajumlishwa. Kupanda kwenyewe hakumalizi dakika. Dakika moja, dada! Kwa ajili ya dakika hiyo tunatoka kwenye tanuri la matofali Ijumaa, tunapakia gari kwenye lori, tunasafiri hadi Wales, au Devon, au juu kabisa Skotlandi, tunalala chini ya turubai kwenye shamba lenye mavi ya kondoo, tunasukuma, tunapangusa, tunasukuma tena, kisha Jumatatu niko tanurini na macho mekundu kama samaki wa juzi.

Na mabwana wenyewe! Wanakuja na vikapu vya vyakula na mbwa wao, wanakunywa wakisimama, wanazungumza na mbwa kwa adabu kuliko wanavyozungumza nasi. Mwezi wa Mei mmoja wao alinipa kikombe chake kitupu nikadhani ananipa chai. Alitaka nikioshe.

Bosi wangu, Bwana Godfrey Pallister, ndiye mwenye kiwanda cha matofali na mwenye gari. Ni mtu mnene mwenye shingo fupi, na akikaa ndani ya lile gari dogo anaonekana kama mkate ulioumuka ukapita chombo. Si dereva mbaya, sitamsingizia. Lakini ni dereva wa kawaida mwenye gari zuri mno.

Ana binti mmoja, Rowena, ana miaka ishirini na minne, mama yake alishafariki. Mchana anapiga chapa ofisini pale kiwandani, barua za matofali na vigae. Mwisho wa wiki anaendesha gari lile lile la baba yake. Katika michezo hii inaruhusiwa: watu wawili, gari moja, kila mmoja na namba yake. Bosi ni namba saba. Rowena akipanda, mimi nabandika utepe mweusi wa gundi mbele ya ile saba, inakuwa kumi na saba. Akishuka, naubandua. Watunza saa wamejifungia kwenye kibanda chao, hawaoni uso wa mtu. Wote wamevaa kofia ngumu, miwani ya upepo na kitambaa mdomoni. Wanasoma namba tu.

Sasa sikiliza uchafu wa jambo hili. Injini ikiwa baridi na matairi yakiwa baridi, gari halipandi vizuri. Anayetangulia anapasha moto, anayefuata anafaidi. Msimu mzima, kila mlima, aliyetangulia ni nani? Rowena. Bosi alikuwa akimpigia kelele kutoka kwenye kiti chake cha turubai: "Haya Rowena, nipashie moto!" Na watu wanacheka, kana kwamba ni mzaha wa kifamilia.

Pamoja na hayo msichana alikuwa akimkaribia. Mwezi wa Julai, kule Yorkshire, alipishana na baba yake kwa kitu kidogo kisichofika hata kupepesa jicho, yeye na matairi baridi. Wiki iliyofuata Bosi aliniita pembeni. "Shetlandi," ndivyo wanavyoniita wote, kwa jina la visiwa vyetu, hawajui kama nina jina langu, "Rowena mfungie yale matairi ya zamani. Mapya tuyatunze." Niliyafunga. Rowena aliyatazama, akayapiga teke dogo, akaniambia, "Si wewe, Gibbie." Yeye ndiye pekee anayeniita Gibbie.

Kulikuwa na mtu anaitwa Seth Ackroyd, wa huko huko Yorkshire. Anatengeneza magari ya kupanda milima kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Aliumia mgongo miaka miwili iliyopita, hawezi tena kuendesha, na ana gari jipya linalotafuta dereva. Mwezi wa Agosti alimfuata Rowena mbele yangu, hana salamu hana nini.

"Binti, wewe unaendesha kama mtu anayeogopa kumwamsha baba yake."

"Ndivyo ilivyo," Rowena akamjibu.

"Basi mwamshe. Siku utakayokuwa juu ya ubao wa matokeo, juu ya wanaume wote, hata siku moja tu, gari langu ni lako msimu ujao. Ukishindwa, nitalipeleka kwa yule daktari wa meno."

Daktari wa meno ni Bwana Maudsley, ndiye aliyekuwa akiongoza kwa alama. Tangu siku hiyo Rowena hakuwa akila vizuri. Alijua imebaki milima michache, na akijikuta amerudi kwenye mashine ya kupiga chapa, atakaa hapo mpaka aote mizizi. Baba yake alishamwambia kwamba mwaka kesho analiuza gari na yeye atashika vitabu vya kiwanda.

Mlima wa mwisho ulikuwa Hopley, Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Asubuhi tulipofika mawingu yalikuwa yamekaa juu ya miti kama blanketi lililolowa. Wakuu walitangaza kwamba kwa sababu ya hali ya hewa kila mtu atapanda mara moja tu. Hapo Bosi akageuza desturi yake yote. Mvua ikija, anayefuata atakuta njia imelowa. Akasema, "Leo natangulia mimi." Hakuna aliyemwuliza moto utatoka wapi. Nilikaa nusu saa nikiungurumisha injini mpaka masikio yakaziba.

Akapanda. Katikati ya mlima, kwenye kona wanayoiita ya Kanisa, kondoo jike akaruka ukuta akasimama njiani, akatulia anatafuna. Washika bendera wakainua bendera nyekundu, Bosi akasimama. Akarudishwa chini amevimba kama chura. Kwa kanuni zao, ukisimamishwa hivyo si kosa lako, unapewa kupanda upya.

"Rowena apande sasa," akasema, "mimi nitapanda baada yake. Nataka kwanza nile." Akaingia chini ya mwavuli na pai yake ya nguruwe.

Nilibandika utepe, dada. Niliubandika kwa kiganja nikaukandamiza, na Rowena aliniona. Tukasukuma gari kwenye foleni. Mvua ikaanza manyunyu. Gari likafika kwenye mstari, mtu wa kabari akaweka kabari nyuma ya gurudumu lisirudi nyuma, taa ikawaka kijani, Rowena akaondoka. Sijawahi kusikia injini ile ikilia vile. Haikuwa ikilalamika. Alikata kona ya kwanza bila kupunguza, watu wote kwenye uzio wakageuza shingo pamoja.

Nilipoteremsha macho nikauona utepe wangu. Umelala kwenye tope pale alipoondokea. Maji yalikuwa yameila gundi yake.

Kipaza sauti kikalia: "Namba saba! Godfrey Pallister amerudia, na ni muda bora wa siku! Muda bora wa msimu mzima hapa Hopley!" Watu wakapiga makofi. Na wakati makofi yanaendelea, mbingu ikafunguka. Mvua ilishuka kama imekatwa kamba. Wakuu wakafunga mashindano pale pale. Hakuna atakayepanda tena.

Nikauokota ule utepe nikamkimbilia msimamizi wa mstari, mtu mmoja mrefu mwenye masharubu. Nikamwambia, "Bwana, namba imebanduka. Aliyepanda ni binti, namba kumi na saba."

Akautazama utepe kama nimempelekea panya. "Wewe ni nani?"

"Ninasukuma gari."

"Basi sukuma. Matokeo yanasahihishwa na aliyeliandikisha gari, ndani ya nusu saa. Aliyeandikisha namba kumi na saba ni nani?"

Dada, aliyeandikisha namba kumi na saba ni Godfrey Pallister. Na namba saba ni Godfrey Pallister. Mtu pekee duniani aliyeruhusiwa kwenda pale kibandani na kusema "si mimi, ni binti yangu" alikuwa chini ya mwavuli na makombo kwenye kidevu.

Nikamwendea. Nilidhani labda hajaelewa. Nikamwambia, "Bosi, imeandikwa saba. Ukiwaambia wataisahihisha."

Alifuta kidevu. Alitazama kule kwenye ubao, ambako tayari walikuwa wameandika jina lake juu kwa chaki, juu ya la Maudsley. Kwa muda ule alioupata Rowena, Bosi alikuwa amempita daktari wa meno na kuchukua kikombe cha msimu. Amekitafuta kikombe hicho miaka kumi na mmoja. Nilimwona akifikiri. Haikumchukua muda hata wa kumaliza pai.

"Panda Landrova," akaniambia. "Twende juu."

Nikadhani anakwenda kumwambia mtoto wake habari njema. Mimi ni mjinga kiasi hicho.

Kuna desturi nzuri katika michezo hii, pengine ndiyo pekee. Magari yaliyopanda husubiri juu, kisha yote yanashuka pamoja polepole kwa msafara, na watu walio kando ya njia wanapunga mikono na kofia. Bora wa siku ndiye hutangulia. Bosi alikwenda juu ili akae ndani ya gari kabla ya msafara. Mimi alinichukua kwa sababu gari lile haliwaki bila kusukumwa.

Rowena alikuwa bado amekaa kwenye usukani, maji yanamtiririka, anacheka peke yake. Kule juu hakuna kipaza sauti. Hakujua chochote ila alivyojisikia mwenyewe. "Baba! Umesikia? Nimepata ngapi?"

"Toka," akasema Bosi.

"Nimepata ngapi?"

"Toka garini, Rowena, tunashuka."

Akatoka, akidhani labda kuna kitu kimevunjika. Akainama kuangalia gurudumu. Baba yake akaingia kwa shida, akajisokota mpaka akakaa. Rowena akanitazama mimi. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia yote: utepe, kipaza sauti, ubao.

Akamgeukia. "Baba, lakini utawaambia."

"Gari ni langu," akasema Bosi, anavaa glavu. "Mafuta ni yangu. Matairi ni yangu."

"Na mikono?"

"Mikono hiyo nimeilisha mimi."

Ndivyo alivyosema. Nimefanya kazi na walevi, na wezi, na mtu mmoja kule kwenye meli aliyempiga mkewe kwa buti. Hakuna kati yao niliyemsikia akitamka neno kama lile. Akaniambia nisukume. Nikaweka mikono mfukoni. Akawaita vijana wawili wa daktari wa meno, wakasukuma, gari likawaka, akashuka mbele ya msafara, mkono juu, kama mfalme wa pipi.

Sisi tukashuka kwa miguu, mimi na Rowena, kupitia msituni kando ya njia. Hakulia. Alikuwa ameshika kofia yake ngumu kwa kamba kama anabeba ndoo. Kwenye kona ya juu kabisa kuna kituo cha washika bendera, na mzee wao anaitwa Enoch Bebb, seremala. Watu hawa hawalipwi, dada. Wanasimama mvuani kutwa nzima na bendera na mtungi wa kuzimia moto, wakingojea mtu apinduke wamtoe.

Mzee Enoch akavua kofia. "Binti, nimesimama kona hii tangu vita vilipoisha. Hakuna aliyeipita hivyo."

"Wamesema ni baba," Rowena akamwambia.

"Nani amesema?"

"Kipaza sauti. Ubao. Wote."

Mzee akanitazama mimi, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akasema, "Baba yako ana msuko wa nywele unaoning'inia mgongoni?" Akatema mate kwenye majani. 

Kwenye kona ya Kanisa mkubwa wao ni Bi. Hodnet, mke wa mchinjaji, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alitumiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Naye alikuwa ameuona ule msuko. Kituo cha chini yake nao walikuwa wameuona. Watu ishirini na zaidi walijua nani kapanda, na hakuna mmoja aliyeruhusiwa kusema, kwa kuwa hawakuandikisha gari. Bi. Hodnet alikwenda kibandani mwenyewe na koti lake linachuruzika. Nilimsikia kutoka nje. "Mna macho au mna vifungo?" Wakamjibu kwa heshima kubwa kwamba nusu saa imepita.

Unaona watu hawa walivyo? Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alifuata kanuni, akaweka kalamu mfukoni, akaenda kunywa chai. Daktari wa meno mwenyewe, aliyepoteza kikombe, alimpa Bosi mkono akasema, "Hongera, mzee," huku anajua. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Akasema si uungwana kulalamika ukishindwa.

Jioni wakatoa kikombe katika ukumbi wa kijiji. Bosi akahutubia. Akawashukuru wakuu, akamshukuru kondoo, watu wakacheka. Akamshukuru "Rowena wangu, anayenipashia moto". Wakapiga makofi, dada. Makofi ya adabu, ya vidole. Rowena alikuwa amesimama mlangoni. Seth Ackroyd alikuwa amesimama karibu na jiko la kuota moto, anautazama ubao waliouingiza ndani usilowe. Halafu akavaa kofia akatoka.

Sasa, kuna desturi nyingine. Bingwa wa msimu huwanunulia washika bendera pipa zima la bia, kwa sababu ya mvua yote ile. Hopley ina baa mbili zinazotazamana, Kengele na Mbweha. Pipa la Bosi lilikuwa Kengele, limeshafunguliwa, bilauri zimepangwa. Washika bendera wakatoka ukumbini kundi zima, wakavuka barabara mbele ya Kengele, wakaingia Mbweha. Wakakaa. Mimi na Rowena tukaingia nao. Ackroyd alikuwa tayari kwenye kona, na chai.

Hatukukaa sana, Bosi akafika mlangoni na kikombe kwapani.

"Jamani, mmepotea njia? Pipa liko ng'ambo. Bure!"

Hakuna aliyegeuka. Bi. Hodnet akasema, "Tumekusikia, Bwana Pallister. Tunamsubiri bingwa."

"Bingwa ndiye huyu anayeongea nanyi."

Mzee Enoch akamkagua kuanzia viatu mpaka upara. "Msuko umeukata saa ngapi, bwana?"

Baa yote ikapasuka kwa kicheko. Bosi akawa mwekundu mpaka masikioni. "Huu ni mchezo wa kistaarabu," akasema. "Matokeo yametoka."

Mwenye baa, mtu mdogo mwenye aproni, alikuwa amechoka na sote. "Mimi nauza bia, siuzi kesi. Nani ananunua?"

Hapo ndipo nilipoelewa walichokuwa wakisubiri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia Rowena afanye nini. Wangeweza kujinunulia wenyewe. Walikaa tu na bilauri tupu, wakitazama meza.

Rowena akasimama. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Mimi nanunua," akasema. "Kwa wote. Bingwa ndiye hununua."

"Rowena," akasema Bosi, "keti chini."

"Nimekaa vya kutosha, baba."

Akatoa mshahara wake wa ofisini, wote ulivyokuwa kwenye bahasha, akauweka kaunta. Akabeba bilauri mwenyewe, mbili mbili, akampa kila mtu mkononi. Na kila aliyepokea akainuka kwanza. Hawa watu hawainukii mtu ovyo, wengine wao walikuwa na magoti mabaya kuliko lako. Alipofika kwa Ackroyd akasita, bilauri mkononi.

Ackroyd akamwuliza kwa sauti, kila mtu asikie, "Nani kapanda?"

"Mimi."

"Ulimwamsha baba yako?"

"Anasikia. Yuko mlangoni."

Ackroyd akasukuma chai yake kando, akapokea bia, akainywa mpaka chini bila kupumua. Akafuta mdomo. "Njoo Februari, tukupime kiti. Njoo peke yako." Na huo ndio ulikuwa mkataba wote.

Nilipogeuka Bosi hakuwepo. Tulimwona dirishani ng'ambo, kwenye Kengele, amekaa na lile pipa na daktari wa meno, ambaye alikuwa akinywa taratibu kwa adabu.

Usifikiri moyo wangu umesafika. Kwenye vitabu vya msimu limeandikwa jina la Godfrey Pallister, na litabaki hivyo sisi sote tukishakufa. Na wale waungwana watakutana tena Aprili, wapeane mikono na kuulizana habari za mbwa. Nimechoka nao, dada, na harufu ya mafuta yao yaliyoungua, na ile "hongera, mzee".

Jumatatu iliyofuata Bosi alileta kikombe ofisini akaniita kutoka tanurini nikipanguse kabla fundi hajaja kuchonga jina. Nikamwambia kazi yangu ni matofali. Akasema basi hata matofali si kazi yangu tena. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Usihuzunike, wala usimwandikie mama. Nitapanda treni hadi Aberdeen, kisha meli. Nataka nimfikie kabla ya baridi kali, nimtengenezee paa.

Juzi Rowena alipita hapa kwa Bi. Tench kuniaga, na sanduku lake, anaelekea Yorkshire mapema atafute kazi yoyote mpaka Februari. Nikamwuliza kama hatakipigania kile kikombe. Akasema baba yake hajakichonga jina. Alimrudisha fundi. Alikiweka sebuleni, siku ya pili akakihamishia chumba cha kulala, kisha ofisini, kisha kabatini nyuma ya viatu. "Asubuhi hii nilipokuwa natoka," akasema, "alikuwa amesimama ukumbini na koti la kulalia, bado amekishika, hajui akiweke wapi."

Basi dada, nisalimie shemeji Wattie, umwambie nikimpata mnunuzi wa kondoo mwenye tabia kama yule wa kona ya Kanisa nitamjulisha. Wabusu Elspet na Rasmie. Msalimie na mjomba Lowrie mkikutana kanisani. Mungu akulinde na miteremko yenu, alitie goti lako nguvu, na atukutanishe sote mezani kwa mama siku moja, hata kama ni kwa kabeji.

Ni mimi mdogo wako, niliye mbali kwa mwili tu,
anayekupenda siku zote,

Gibbie Mouat